Sindano ya Wiki ya Nne

Nilianza kutumia penisilini nikiwa darasa la sita. Leo nafundisha darasa la sita, na penisilini bado naitumia. Nimechomwa sindano yake takoni kila baada ya wiki nne, nimemeza vidonge vyake sindano zilipoadimika, nimewahi kunyimwa kwa kuambiwa itaniua, kisha nikarudishiwa. Ni ukoo mmoja na amoksilini, vile vidonge vya rangi mbili ambavyo karibu kila nyumba ninayoijua ina vichache vilivyobaki kabatini. Na kubaki huko kabatini ndiko kunakonifanya niandike, maana wengi wanaoijua dawa hii wanaijua kama dawa ya siku mbili.

Nimekulia kambi ya mkonge wilayani Muheza, mkoani Tanga. Baba alikuwa mkata mkonge, mama akilima na kukaanga maandazi. Tulikuwa na chumba na sebule, na sisi watoto tulilala kitanda kimoja mzungu wa nne, vichwa huku na miguu kule. Akikohoa mmoja, kambi nzima ilikohoa. Koo lilikuwa ugonjwa wa kila msimu wa baridi na hakuna aliyelishangaa: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asali ikipatikana, na kwa watoto waliosumbuka sana, fundi wa kukata kimeo. Kaka yangu mkubwa alikatwa. Nakumbuka kisu kilichopinda mfano wa mundu mdogo na kanga ya mama iliyolowa damu. Koo lake liliendelea kuuma kama kawaida.

Langu lilinijia ghafla. Asubuhi niliamka mzima, jioni nina homa na mate hayamezeki, tezi zimevimba chini ya taya. Sikuwa na mafua wala kikohozi. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba hiyo ndiyo tofauti ya kuangalia. Koo linalokuja na mafua, kikohozi na sauti iliyokauka kwa kawaida ni la virusi, na hapo penisilini haina kazi yoyote, hata umeze kopo zima. Koo la ghafla, lenye homa na lisilo na kikohozi, tena kwa mtoto wa kati ya miaka 5 na 15, linaweza kuwa la bakteria wanaoitwa streptokokasi. Huyo ndiye mgeni anayehitaji penisilini.

Mama alikwenda duka la dawa akaomba amoksilini za hela aliyokuwa nayo. Muuzaji akahesabu vidonge ndani ya kibahasha cha karatasi, juu akaandika 1x3. Siku ya pili jioni nilikula ugali. Siku ya tatu nilikuwa uwanjani nacheza rede. Vilivyobaki vikaingia kwenye kopo la majani ya chai, kwa sababu mdogo wangu naye alikuwa ameanza kulalamika. Asisome mtu lawama hapa. Mwanamke mwenye watoto sita, mshahara wa mkonge ukichelewa, akimwona mtoto anacheza rede na vidonge vimesalia, hesabu yake ilikuwa sahihi kwa yale aliyoambiwa. Na hakuambiwa kitu. Aliandikiwa 1x3.

Kilichokosekana kwenye kibahasha kile kilikuwa idadi ya siku. Maumivu ya koo huisha yenyewe baada ya siku chache, hata bila dawa. Kupona maumivu hakusemi lolote kuhusu bakteria, ambao wanaweza kubaki kooni kimya. Ndiyo maana tiba ya koo la streptokokasi kwa amoksilini ni siku 10, wakati mgonjwa mwenyewe ameshasahau kwamba aliumwa. Penisilini haiwaui bakteria kwa kuwatia sumu mara moja. Bakteria anapokua na kugawanyika hujenga ukuta mpya wa kumzunguka, na dawa huvuruga ujenzi huo, kama fundi anayepanga matofali mtu akamnyima saruji: ukuta unasimama hovyo, kisha unapasuka. Lakini bakteria aliyepumzika, asiyejenga siku hiyo, hadhuriki. Inabidi dawa iwepo pale atakapoanza. Na amoksilini haikai mwilini. Karibu kila saa moja inayopita nusu yake imeshaondoka, nyingi kwa njia ya mkojo. Kumeza vidonge vinne kwa mpigo kwa sababu jana ulisahau hakurudishi saa zilizopotea.

Wiki chache baada ya lile koo, goti langu la kulia lilivimba. Likapoa lenyewe, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa kushoto, kisha kiwiko. Nyumbani wakasema ninakua. Halafu mikono ikaanza kucheza.

Niliona mara ya kwanza kwenye imla. Mwalimu anasoma, mimi naandika, na kalamu inaruka juu ya mstari, inashuka mistari miwili, inachana karatasi. Nilichapwa kwa kuandika ovyo. Nyumbani nilimwaga uji, nikavunja kikombe, nikawa nakunja uso bila kujua. Mimi niliyekuwa mcheshi nikawa mtu wa kulia bila sababu. Shangazi akasema waziwazi kile ambacho wengine walikuwa wananong'ona: mtoto ana jini. Nikafukizwa, nikafungwa hirizi mkononi, mkono uleule usiotulia. Sina kinyongo na aliyenizingua. Alinishika kwa upole kuliko mwalimu wangu, na hakutudai mbuzi.

Aliyenitambua ni tabibu wa zahanati, mama mtu mzima, siku nilipopelekwa kwa sababu nyingine kabisa, kidonda cha mguu. Aliacha kidonda akaniangalia mikono. Akanyoosha vidole vyake viwili akasema, "Mwanangu, shika hapa, ukaze, usiachie." Nikakaza. Mkono wangu ukaachia wenyewe, ukakaza, ukaachia, kama mtu anayekamua ng'ombe. Akaniambia nitoe ulimi niushikilie nje. Ulimi ukarudi ndani kama mjusi. Akamgeukia mama: "Mama, huyu mtoto aliumwa koo miezi ya nyuma?" Mama akahesabu kurudi nyuma hadi msimu wa machungwa. Aliumwa, ndiyo. "Mpeleke hospitali kubwa wakamsikilize moyo. Usingoje mwisho wa mwezi."

Kule daktari aliweka kipimo kifuani mwangu, akakaa nacho muda mrefu kuliko nilivyozoea. Alitueleza kwa maneno ambayo mama aliyarudia maisha yake yote. Mwili unapopigana na streptokokasi, kinga yake inaweza kuchanganya adui na nyumba, ikaanza kushambulia viungo, ubongo na moyo. Viungo vitapona. Mikono itatulia baada ya miezi. Milango ya moyo inaweza isipone, na kila koo jipya la namna ile litauongezea moyo jeraha juu ya jeraha. Huo ndio ugonjwa wa homa ya baridi yabisi, na matokeo yake ya moyo wanayo watu zaidi ya milioni 40 duniani, wengi wao katika nchi na mitaa kama yetu, ambako watoto wanalala mzungu wa nne.

"Kwa hiyo," daktari akasema, "hatutasubiri koo lije. Tutaweka dawa mwilini ikae inasubiri."

Sindano yenyewe inaitwa benzathini penisilini. Ni penisilini iliyotengenezwa iyeyuke polepole mno: ikiingia kwenye nyama ya tako inajificha pale, inatoka kidogo kidogo kuingia kwenye damu kwa wiki tatu hadi nne. Nilianza na uniti 600,000 kwa sababu nilikuwa mwembamba. Nilipovuka kilo 30 nikahamia dozi ya watu wazima, uniti milioni 1.2.

Nataka niseme kuhusu maumivu, kwa sababu wanaoshangaa mbona watoto wanakimbia kliniki hawajawahi kuchomwa kitu hiki. Ni nyeupe, nzito kama maziwa yaliyokaribia kuganda. Sindano nyembamba inaziba, hivyo lazima iwe nene. Muuguzi mwenye haraka huisukuma kwa nguvu, na wewe unachechemea siku mbili. Sista aliyenilea mimi, maana kunilea ndiko alikofanya, alikuwa na taratibu zake. "Shikamoo sista." "Marahaba mwanangu, umekula?" Hakuchoma mtu mwenye njaa. Alikiviringisha kichupa katikati ya viganja hadi baridi ya jokofu iishe. Aliacha spiriti ikauke kwanza juu ya ngozi. Alibonyeza kwa dole gumba mahali pa kuchoma, akahesabu taratibu kwa sauti, ndipo akaingiza sindano. Kisha alivuta bomba nyuma kidogo kuangalia kama kuna damu, kwa sababu dawa hii ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Ikiwa safi, alisukuma polepole, dakika mbili hata tatu, huku ananiuliza masomo. Wahudumu wengine huchanganya na dawa kidogo ya ganzi, lignokeni, na inasaidia sana. Baada ya hapo, benchi nusu saa. Hata waliochomwa miaka mingi hakuwaruhusu kuondoka kabla.

Shule ya bweni ndiyo ilikuwa ngumu kuliko sindano. Msichana anayeomba ruhusa kila mwezi kwenda hospitali, anarudi anachechemea, na hasemi anaumwa nini. Kwa miaka ile kulikuwa na jibu moja tu watu walilojua kulitoa. Nilitengewa kikombe. Chuoni ilikuwa hivyohivyo, na posa ya kwanza iliyoletwa nyumbani ilirudi kimya baada ya wifi mtarajiwa kuniona kwenye foleni ya kliniki. Mama alitaka twende kuwaeleza. Nilimzuia. Nilishaanza kuchoka kuonyesha daftari langu la hospitali kwa watu wasio madaktari.

Daftari hilohilo ndilo lililoniletea balaa jingine. Nikiwa chuoni nilikwenda kituo kimoja cha afya na jipu la jino. Mhudumu akauliza kama kuna dawa inayonisumbua. Nikajibu kwamba amoksilini iliwahi kuniharisha utotoni. Akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye ganda la daftari, herufi kubwa: MZIO WA PENISILINI.

Neno likishaandikwa kwa wino mwekundu hakuna anayelifuta. Mwezi uliofuata sindano yangu ilikataliwa. Nikabadilishiwa eritromisini, vidonge vya kila siku, na tumbo likawaka moto hadi nikawa nameza leo, kesho naacha. Kinga yangu ilikuwa imetoboka, na kila aliyenihudumia aliamini ananilinda.

Aliyelifuta ni daktari kijana aliyefanya jambo dogo: aliuliza maswali. Ulipomeza, ngozi iliota mabaka yaliyovimba na kuwasha? Hapana. Midomo, kope, ulimi vilivimba? Hapana. Ulipumua kwa shida, ukazirai? Ilitokea ndani ya saa moja au baada ya siku kadhaa? Niliharisha kidogo tu, na dawa ilikuwa siku ya tatu. Akasema kuharisha kidogo ni kero ya kawaida ya antibayotiki, haina uhusiano na mzio. Tena nilikuwa nimechomwa sindano za penisilini kwa miaka kabla ya hapo na nikatoka mzima, habari iliyokuwa imeandikwa kurasa chache tu nyuma ya ganda lile. Lakini hakunichukulia juujuu. Alinilaza wodini, adrenalini ikiwa imeandaliwa pembeni, akanipa kipande kidogo cha amoksilini, tukasubiri, kisha dozi kamili, tukasubiri tena. Hakuna kilichotokea. Nchini Marekani, ambako jambo hili limepimwa sana, karibu mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kuwa na mzio wa penisilini, na wakipimwa vizuri zaidi ya 9 katika kila 10 wa hao wanakutwa hawana.

Nasema hivi nikijua mzio wa kweli upo na unaua. Ni nadra, lakini ukija unakuja kwa dakika: mwili kuwasha, uso kufura, koo kubana, presha kushuka. Ndiyo sababu ya ile nusu saa ya benchi, na ndiyo sababu sindano isichomwe nyumbani na jirani aliyewahi kufanya kazi hospitali. Aliyewahi kupata hali ile asijijaribu peke yake hata kwa robo ya kidonge. Ninachokataa ni wino mwekundu usio na maswali. Siku hizi nikisikia mtu anasema "mimi na penisilini hatupatani," humuuliza ilikuwaje, na mara nyingi jibu ni kichefuchefu, au ni mama yake aliyemwambia.

Miaka michache baadaye sindano ziliadimika. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilizungumzia upungufu wa benzathini mwaka 2016. Dawa ya zamani, ya bei ndogo, faida yake kiwandani haba, na viwanda vinavyotengeneza kiini chake duniani ni vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi niliona tu upande wa mwisho wa mnyororo ule: dirisha la famasia na mfamasia anayetikisa kichwa. Nikapewa vidonge vya Pen V, miligramu 250 asubuhi na jioni. Inafanya kazi, ila sasa mlinzi ni wewe mwenyewe. Sindano ukishachomwa imeshafanya kazi ya mwezi, upende usipende. Kidonge kinakudai uaminifu mara mbili kila siku, ukiwa msibani, ukiwa safarini, ukiwa umechoka na ugonjwa wako. Nilikifunga na ratiba ambayo haihitaji kumbukumbu: saa moja asubuhi kabla ya kengele, saa moja usiku taarifa ya habari ikianza.

Kipindi kile nilisoma habari za penisilini yenyewe, nikakutana na mtu ambaye simsahau. Albert Alexander, polisi aliyetibiwa Oxford, Uingereza. Mwanasayansi Fleming alikuwa ameona ukungu ukiua bakteria katika maabara yake London mwaka 1928, lakini ni Florey, Chain na wenzao wa Oxford waliofanikiwa kuipata dawa kutoka kwenye ukungu ule. Mwezi wa pili mwaka 1941 walimpa polisi huyu, aliyekuwa ameoza uso kwa maambukizi. Siku chache tu homa ikashuka, akaanza kula. Dawa yote iliyokuwepo ikaisha. Walikusanya mkojo wake, wakachuja penisilini iliyotoka humo, wakamrudishia. Haikutosha. Maambukizi yakarudi, na alifariki tarehe 15 mwezi wa tatu. Alikuwa amepewa dawa sahihi, ila siku zake hazikutimia. Nilimwelewa polisi yule kuliko nilivyowaelewa wanasayansi wote waliotajwa kitabuni.

Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kuhusu hatari hii, na mfano aliochagua ulikuwa mtu mwenye koo: ananunua penisilini mwenyewe, anameza kidogo isiyotosha kuua streptokokasi ila inayotosha kuwafundisha ujanja, kisha anamwambukiza mkewe, na mke anakufa kwa sababu dawa imeshindwa. Kuhusu bakteria wengine alipatia, maana wapo chungu nzima waliogeuka sugu. La ajabu ni kwamba streptokokasi wa koo, yule hasa aliyemtaja, hadi leo bado anakufa kwa penisilini ya kawaida. Hakuna haja ya dawa mpya wala ya bei mbaya. Watoto wetu wanapoteza milango ya moyo kwa bakteria ambaye dawa yake imekuwepo tangu kabla babu zao hawajaoa, na hili linanikera kuliko jini la shangazi.

Ushahidi kwamba sindano inalinda tunao hapa jirani. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walipima kwa kipimo cha eko mioyo ya watoto wanaoonekana wazima, wakapata wenye dalili za mwanzo zisizosikika hata kwa daktari. Watoto 818 wakagawanywa kwa kura, nusu wakachomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2021: waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu, wasiochomwa, kwa 33. Niliposoma, nilikumbuka zile wiki za eritromisini niliyokuwa nairuka.

Kwa sababu mlango wangu wa moyo uitwao mitrali ulikuwa umeendelea kusinyaa. Kwa mtu mzima mwenye afya hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Wangu ulishuka chini ya moja na nusu. Nilikuwa napanda ngazi za ofisi ya mkuu nikisimama katikati kujifanya nasoma ubao wa matangazo. Usiku nililala na mito mitatu. Nilikuwa nimeolewa na mwanamume aliyesoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuleta posa, na tulitaka mtoto, lakini mimba huongeza damu mwilini karibu kwa nusu, na damu yote hiyo ingetaka kupita kwenye mlango mwembamba vile. Daktari alisema mlango kwanza, mimba baadaye. Nikapelekwa Dar es Salaam, wakapitisha mrija kwenye mshipa wa nyonga hadi ndani ya moyo, na puto dogo likapanua ule mlango bila kifua kupasuliwa. Siku hizi ukaguzi wangu wa kila mwaka naufanya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili. Kabla yake wengi waliokuwa na hali yangu walisubiri safari ya India, na si wote waliifikia.

Penisilini sikuiacha wakati wa mimba wala wa kunyonyesha. Ni salama kwa yote mawili, ingawa mkunga mmoja alinigombeza na ikabidi mume wangu alete barua. Jambo jingine lililobadilika ni kulala: sasa nachomwa nikiwa nimelala, nimekunywa maji ya kutosha. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wenye milango iliyoharibika sana waliofariki baada ya sindano hawakufa kwa mzio. Moyo dhaifu ulishindwa kuhimili kuzirai kwa maumivu na hofu. Kwa wagonjwa wa namna hiyo wanashauri vidonge. Sista wangu wa zamani, aliyekuwa akiuliza "umekula?", hakuhitaji kusoma chapisho lile.

Mwanangu anapougua koo lile la ghafla nampeleka akapimwe, na akiandikiwa amoksilini ya maji nasimamia mwenyewe. Naomba uzito wake upimwe kwanza, maana dozi ya mtoto inafuata kilo, umri peke yake hautoshi. Natikisa chupa unga uachane na kuta, naweka maji yaliyochemka yakapoa, nusu kwanza, natikisa, kisha hadi kwenye alama. Napimia kwa bomba la plastiki, kwa kuwa vijiko vya jikoni vinatofautiana kama watu. Na naangalia jambo ambalo wengi hawaambiwi: chupa nyingi zikishachanganywa hudumu siku 7, nyingine 14, na matibabu ya koo hili ni siku 10. Ukipewa chupa ya siku 7, omba ya pili ikiwa bado unga. Ukiandikiwa kila saa nane, ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kwa koo hili daktari anaweza hata kupanga mara moja au mbili kwa siku, ambayo kwa mama anayeshinda sokoni ni rahisi zaidi kutimiza. Akipata mabaka au kuvimba uso nasimamisha na kukimbia hospitali. Akiharisha kidogo, namwongeza maji na dawa inaendelea.

Shuleni siruhusu mwanafunzi achapwe kwa mwandiko ulioharibika ghafla. Nimewaambia walimu wenzangu wamwite pembeni, wampe vidole viwili avishike, na waulize habari za koo. Wengine wanacheka. Mwaka juzi mmoja aliniletea msichana.

Miongozo inasema mtu mwenye moyo kama wangu achomwe hadi walau miaka 40, na pengine maisha yote. Nakaribia hapo, na daktari ameshaanza kugusia kuacha. Nimemwambia aje kwanza aone darasa langu: watoto zaidi ya sabini, dawati moja watatu, madirisha yanafungwa mvua ikinyesha, na kila Julai nusu yao wanameza mate kwa taabu. Amekubali kwamba mwalimu wa shule ya msingi si sawa na karani wa benki, na ameliandika hilo kwenye faili, kwa wino wa bluu. Nitaendelea kuchomwa mpaka nistaafu ualimu, na baada ya hapo tutaona.